Siku Niliyotambaa Kwenye Vyungu vya Mama Mkwe

Aibu yangu iko mtandaoni, mwenye simu yeyote anaitazama bure, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wa stendi ya Kiomboi wanaoongeza chumvi. Mimi shule niliishia darasa la pili, mashine za kusaga nimenunua kwa jasho langu, na kuchekwa sijazoea.

Mama mkwe wangu anaishi juu mlimani na ndiye mfinyanzi wa mwisho huko kwetu. Wenzake wamekufa na mabinti wanapikia sufuria. Macho yake yamepungua, akatamka kwamba vyungu alivyokuwa ameanika ndivyo vya mwisho, akishavichoma basi. Mke wangu akahangaika mpaka akampata binti mmoja wa Utemini, Rehema, ambaye yeye na wenzake hurekodi kazi za mikono za wazee na kuziweka mtandaoni, kila mtu ajifunze bila kulipa. Rehema akaja siku ya kuchoma. Shida ni moja, bibi haongei Kiswahili, na Rehema ni Mnyaturu, Kinyiramba hakijui.

Ilishakubaliwa mke wangu atafsiri. Mimi nikasema hapana, nitatafsiri mimi. (Nilisikia mkalimani anaandikwa jina, dunia nzima inasoma.)

"Baba Neema, utatafsirije na yule ni mkwe wako?" mke wangu akaniuliza.

Kweli, kwetu mwanaume hatazamani na mama mkwe. Akimwona njiani anaingia porini. Nikamjibu kwamba nitakaa nyuma ya ua wa mabua, sauti itapita, sura itabaki. Nikajiona nina akili sana.

Basi bibi anaongea kule ndani, mimi huku nyuma ya mabua natafsiri. Mwanzo ulikwenda vizuri. Halafu akaingia kwenye maneno ya udongo na moto, ambayo mimi mwanaume sijawahi kuyajua, na badala ya kusema sijui nikaanza kutunga. Akieleza mengi, natoa machache. Akisema neno moja, natoa hotuba. Nikasikia mke wangu anakohoa. Nikadhani tatizo ni umbali tu, nikauegemea ua niweke sikio, na ua wenyewe ulishaliwa na mchwa tangu masika (najua, niliahidi kuujenga upya), ukalala chini na mimi juu yake, katikati ya vyungu.

Hapo ningetulia, hasara ingekuwa ndogo. Lakini nilikumbuka adabu. Nikafumba macho nisimwone mkwe, nikaanza kutambaa kutafuta pa kutokea, makalio yameielekea kamera, na kila ninapoweka goti nasikia kitu kinapasuka. Mwishowe mkono ukakuta kitu kigumu, nikakikumbatia nijiinue. Ulikuwa mguu wa mama mkwe.

Nikafumbua macho. Bibi alishajifunika kanga uso mzima. Nikatoka mbio, nikajibanza nyuma ya ghala, na nawaambia kweli, kuchekwa sikukuwaza tena. Nilimuwaza yule mama na macho yake, kazi ya maisha yake aliyotaka kuwaachia watu, nami nimeisaga kwa magoti.

Kondoo wa kuondoa mkosi wa kumgusa mkwe nilimtoa jioni ileile. Bibi akamtuma mke wangu:

"Mwambie udongo ambao haujaona moto haufi. Uliopasuka tutauloweka. Lakini hautatosha, na mimi bondeni kuuchimba sishuki tena. Aende yeye."

Nikaenda. Nikabeba udongo mgongoni kama punda, mimi mwenye pikapu (njia ile pikapu haipandi). Bibi akaanza upya, kuloweka, kukanda, kufinyanga mpaka kuchoma, na Rehema akarekodi yote, hata yale ya mwanzo ambayo siku ya kwanza alikuta yameshapita. Mke wangu akatafsiri, na alipofika mahali pagumu alisema tu, "Hili sina Kiswahili chake," likaandikwa hivyohivyo kwa Kinyiramba.

Rehema kwa huruma alitaka kuikata sehemu yangu. Bibi akakataa, akasema iachwe, wanaojifunza wajue kwa nini vyungu huanikwa mbali na wanaume.

Tangu siku ile nimeapa, mwanamke akieleza kazi yake mimi nitakaa mbali nifunge mdomo, hata kama naelewa. Na siku ile sikuwa naelewa.