Mgongo Usio na Mtoto

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Rongo, nimeshika kiuno kama mjamzito. Mlango wa daktari haufungi vizuri, kwa hivyo sisi wa foleni tulimsikia vizuri mama mzee aliyekuwa ndani.

“Dani,” daktari alimwita, yaani bibi kwa Kijaluo, “maumivu yanashuka mguuni? Vidole vinakufa ganzi?”

“Hapana. Ni hapa kiunoni tu.”

“Basi ni misuli, si mishipa ya fahamu. Usilale kutwa, tembeatembea. Jikande na kitambaa cha moto, na ukiinua kitu, kunja magoti. Unabeba nini mgongoni?”

“Hakuna. Hiyo ndiyo shida.”

“Shida vipi?”

“Mjukuu wangu alichukuliwa na mamake, wako Nairobi. Nilikuwa nambeba mpaka shambani, na huu mgongo haukuwahi kuuma.”

“Akirudi mbebe, lakini usimbebe sana.”

“Akirudi atakuwa anatembea.”

Alitoka na leso yake imefungwa kifuani, fundo mbele, vile hufungwa mtoto akiwa mgongoni. Huko nyuma kitambaa kilikuwa kinaning’inia tupu.

Zamu yangu ikafika. “Na wewe, mgongo ulianza kuuma lini?”

Nikamwambia ni hii kazi ya kuinamia taipureta. Akaamini. Lakini tangu nitoke pale najaribu kukumbuka siku ambayo mama yangu alinishusha mgongoni mara ya mwisho, na siikumbuki.