Nyumba ya Izia na Jirani Mkubwa

Lwitiko, karani wa masjala aliyehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, alikuwa na hela ya kununua nyumba moja tu maishani, na sehemu kubwa ya hela hiyo ilikuwa jasho la mkewe Edith, aliyeuza mahindi miaka kumi na mmoja. Edith alishaipenda nyumba moja ya mtaa wa Mazwi: vyumba vinne, kisima uani, bei inayozungumzika. Lwitiko akaikagua, akaisifu, kisha akachungulia kwa jirani. Lahaula! Mama Bertilla anapika pombe ya ulezi, na wateja wake wanamsalimia kila apitaye. Yaani karani mzima atoke asubuhi na tai shingoni, aitwe shemeji na walevi? Nyumba ikafia hapo.

Mtaa wa Izia kulikuwa na nyingine, ya Mzee Leonardi. Ndogo, maji ya kubeba kwa ndoo, bei imezidi ya Mazwi kwa milioni sita. Lakini kwa jirani, kila jioni, liliegeshwa gari jeupe la serikali. Dalali aliyewatembeza alilitupia jicho tu, asiseme ni la nani. Lwitiko naye hakuuliza, maana anayeuliza bosi ni nani huonekana mshamba. Edith aliuliza kama gari hilo litawachotea maji, akaambiwa hajui mambo ya mjini. Kufika Ijumaa, ofisi nzima ilijua Lwitiko anakwenda kuishi ubavuni mwa mkubwa.

Siku ya kuandikishana, mwenyekiti wa mtaa aliwaita majirani waoneshe mipaka na kutia saini, kama kawaida. Kutoka kwenye nyumba ya gari akaja mtu mfupi, kandambili miguuni, anaitwa Wilibrodi. Lwitiko akainama, akamwamkia shikamoo mheshimiwa. Masikini, yule bwana akaona haya. Yeye ni dereva. Bosi anakaa Katandala, gari ndilo linalolala kwake. Naye akauliza cheo cha Lwitiko. Kusikia karani, uso ukamshuka. Dalali alikuwa amemwambia anayehamia ni mkurugenzi, naye dereva kwa sababu hiyo alishapandisha bei ya nyumba yake, maana anataka kuiuza.

Edith akaukumbatia mkoba wenye hela.

"Baba Precious, twende Mazwi," akasema taratibu. "Hatujatoa hata shilingi."

Jamani, kuna mtu aliwahi kuokolewa waziwazi namna hiyo? Lakini Lwitiko aliwaona akilini wenzake wa ofisini, kila mmoja akimuuliza kulikoni. Akauchukua mkoba mikononi mwa mkewe, akalipa, akatia saini. Edith alikwenda kukaa kizingitini pa nyumba yake mpya. Ilimuuma sana, na hakumtazama mtu.

Jumatatu Herman, karani mwenzake, akataka kujua majirani wakoje.

"Watu wa serikalini," Lwitiko akajibu.

Herman akauliza kama kuna nyumba nyingine maeneo hayo.

"Ipo, tena inapakana na yangu," Lwitiko akasema. "Ila fanya haraka, bei inapanda."