Mapanga Manane kwa Mabati ya Shangazi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa bidhaa tena na kila nyumba ikataka redio. Nilikuwa kijana mwenye ufundi kidogo na majivuno mengi. Nilichukua dinamo ya lori bovu, nikasimamisha mtambo wa upepo uwanjani kwa shangazi yangu, mtaa wa Malangali, tuwachajie majirani betri.

Mapanga yalikuwa matatu, ya bati. Yalizunguka mbio hadi yakavuma, na betri zilijaa.

Vijana wa mtaa wakaja kucheka. "Mshikaji, upepo wote unapita katikati! Hiyo mashine au panzi aliyenyofolewa mabawa?"

"Panzi huyohuyo ndiye anayewachajia redio, baba," shangazi akawajibu, akacheka nao.

Mimi niliumia. Shangazi aliposhuka bondeni Mtowisa kununua mchele, nilitoa mabati aliyoyahifadhi ili aezeke paa lake badala ya nyasi, nikayakata, nikaongeza mapanga hadi manane. Na nilijua, mwanangu. Fundi aliyenifunza alishaniambia kwamba kila panga la ziada huongeza gharama na uzito, faida yake ikizidi kupungua; mapanga mengi yanafaa kuvuta maji, kazi ya nguvu na mwendo wa taratibu, lakini dinamo inataka mbio. Nilijua, nikafuata vicheko.

Mtambo ulipendeza. Ukazunguka polepole kama ng'ombe aliyeshiba, betri hazikujaa, majirani wakaja kuzichukua.

"Shikamoo, shangazi," nilimpokea. "Upepo umepungua."

"Marahaba." Upepo ulikuwa ukimpeperushia kilemba usoni. Kisha akaingia ndani, akakuta mabati hayapo.

"Ungeniomba ningekukatalia," alisema alipotoka. "Ndiyo maana hukuniomba."

Mvua zilipoanza, nilimkuta akisogeza kitanda akikwepa matone. Hakunilaumu tena. Afadhali angenilaumu; mpaka leo nikilikumbuka lile godoro lililolowa, natazama chini.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kikifanya kazi yake, usikiongezee madoido kwa ajili ya wanaopita njiani. Jiulize nyongeza italeta nini, na itatoka kwa nani. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kabla aliyekuamini hajagundua mwenyewe.

Mungu akujalie mikono yenye kazi na moyo unaostahimili kuchekwa. Wanaokuamini wasijutie kukuamini.