Pipa la Bibi na Moto Usio na Moshi

Mnisamehe mwandiko. Kalamu yangu inakwenda polepole na herufi zinapinda. Niliishia darasa la saba, na maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia nyumbani, ambako tunaongea Kisukuma. Penye kosa, someni taratibu, mtanielewa.

Mama yangu anapikia watu wali na maharage hapa Nyasubi, Kahama. Wateja wake ni waendesha bodaboda na vijana waliorudi kutoka machimboni. Anapika kwa kuni kwenye kibanda cha mabati, na moshi hauna pa kutokea. Mwaka jana kifua kilimbana mpaka tukampeleka hospitali. Daktari alimwambia aache moshi. "Nikiacha moshi, daktari, tutakula nini?" mama akauliza. Tukarudi nyumbani, na kesho yake akawasha kuni.

Ndiyo sababu nilijiunga na kikundi cha vijana kinachotaka kutengeneza spiriti ya kupikia kutokana na mihogo. Sikufuata mikutano, mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Fundi aliyetufundisha alitoka Shinyanga mjini na jiko dogo la spiriti. Aliliwasha mezani. Moto ulikuwa wa bluu, mwembamba, bila moshi hata kidogo. Akasema tukiweza kutoa spiriti inayowaka, jiko litabaki kwetu. Wenzangu wakakubali liende kwa mama yangu kwanza. Tangu siku hiyo sikufikiria kitu kingine.

Kazi yenyewe ni hivi. Unamenya mihogo, unaitwanga, unaipika uji mzito. Uji ukipoa kiasi cha mkono kuuvumilia kwa shida, unatia unga wa vimeng'enya. Uji unalainika kama maji na kuwa mtamu, maana wanga umegeuka sukari. Ukipoa zaidi unatia hamira na kuufunika kwenye pipa siku tatu. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi. Kisha unachemsha, na mvuke unaukusanya kwa bomba linalopita kwenye maji baridi. Kuisema ni rahisi. Tulimenya magunia mawili ya mihogo kutoka shamba la mjomba upande wa Geita, na jioni vidole vyangu vilikataa kukunjika.

Fundi alisisitiza jambo moja, kwamba pipa lioshwe kwa maji yanayochemka. Pipa lilikuwa la bibi yangu, mzaa mama, ambaye hupika pombe ya mtama. Kwetu chombo cha pombe hakioshwi hivyo. Kinasuuzwa kidogo tu, kwa sababu masalia yaliyoganda ubavuni ndiyo yanayoamsha pombe inayofuata. Bibi hunitania mchana kutwa na kuniita mume wangu, lakini pipa lile halina utani. Nilisimama mlangoni kwake na ndoo ya maji ya moto.

"Mume wangu, hayo maji ya nini?"

"Ya... ya kuoga, bibi."

"Saa sita hii? Umepata mke mwingine?"

Alicheka. Nikacheka. Nikaenda kuoga. Wenzangu waliponiuliza kama pipa limeoshwa, niliitikia kwa kichwa.

Siku ya nne tulifunua, na harufu kali ikatukata pua. Tulichemsha hivyo hivyo kibandani kwa mama, kwenye mafiga makubwa. Fundi akachota kijiko cha kile kilichotoka bombani, akakisogezea kiberiti mara tatu. Hakikuwaka.

"Mmepika siki!" dereva mmoja wa bodaboda akapaza sauti. "Mama, leta kachumbari!"

"Afadhali siki," mwenzake akasema. "Mimi nilidhani wanapika gongo."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akakohoa, akakaa juu ya gunia mpaka kikohozi kilipomwachia.

Hapo ndipo niliposema. Sauti ilitoka ndogo. "Pipa sikuliosha. Niliona aibu kumwambia bibi."

Fundi hakunigombeza, nadhani alikuwa amechoka kama mimi. Alieleza kwamba masalia yale yaliiwahi hamira, yakala sukari, yakageuza kila kitu kuwa ukali. Bibi, aliyekuwa amekuja kutazama, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota majivu na maji yaliyokuwa yanachemka, akalilaza pipa lake, akaanza kulisugua mbele ya watu wote.

"Bibi, niachie mimi."

"Kaa huko, mume wangu. Ungesema tu. Hili ni pipa. Yule anayekohoa ni mwanangu."

Unga wa vimeng'enya ulikuwa umekwisha. Bibi akaleta kimea chake, mtama aliouotesha, akaukausha na kuutwanga. Fundi akasema kitafanya kazi ileile, kwa kuwa vimeng'enya vimo ndani ya punje iliyochipua. Tukaomba gunia jingine kwa mjomba, tukamenya tena. Safari hii pipa lilinukia kama mkate. Tulichemsha tangu asubuhi, tukarudia mara ya pili, na alasiri kijiko kikawaka bluu.

Spiriti haikujaza dumu dogo. Mama alipikia chai, kesho yake maharage, ikaisha. Lakini kuchemsha kule kulikula mzigo mzima wa kuni. Sisi tulishughulika na bomba na maji baridi. Aliyekaa kuchochea moto ni mama. Nilimwona akijifuta macho kwa kanga. Alikuwa amekaa moshini siku nzima ili apate siku mbili za moto usio na moshi.

Jiko sasa liko juu ya kabati, limefunikwa kitambaa. Bibi ameanza kuotesha mtama mwingine. Pipa nimeliosha mwenyewe. Nyuma ya mashine za kukobolea mpunga hapa Kahama kuna marundo ya pumba yasiyo na mwenyewe, na nafikiri yangeweza kuchemsha pipa letu mbali na kibanda cha mama. Nimejaribu mara nyingi, yanafuka tu, hayawaki. Kama wewe unayesoma umewahi kupikia pumba, niandikie jiko lako umelijengaje. Usijali mwandiko. Nami nasoma polepole, lakini nitafika mwisho.