Tundu Chini ya Kiti cha Nyuma

Kosa langu la kwanza na lile gari lilikuwa la usafi. Niliziba tundu ambalo halikupaswa kuzibwa, nikalivisha na kifuniko cha kufuma, kisha nikajisifu. Sikujua kwamba gari lilikuwa linapumulia hapo.

Kazi yangu ni keki. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, jikoni kwa mama yangu huku Kanyosha, kusini mwa mji, na majirani wamekula makosa yangu mengi bila kulalamika. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Ua la sukari likipinda kidogo tu nalivunja na kuanza upya, hata kama hakuna mwingine atakayeliona. Naamka kabla ya adhana ili nikaangalie kama keki niliyoiacha jana imesimama vilevile.

Kabla ya gari nilikuwa napeleka keki kwa teksi. Siku moja nilibeba keki ya sherehe ya posa, ya ghorofa tatu, na njiani dereva akaona kituo kimeletewa petroli. Aliingia kwenye foleni bila kuniuliza. Siwezi kumlaumu, maana mafuta yalikuwa yameadimika mjini na aliyeyaona hakuyaacha. Tulikaa juani mpaka shati likanigandia mgongoni. Tulipofika, ghorofa ya juu ilikuwa imeilalia ya katikati kama mlevi anayesindikizwa kwao. Mwenye shughuli, mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, aliitazama, akanitazama.

"Mutoto wangu," akasema, "mi niliomba keki. Hii ni uji."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile lilitembea mjini kuliko mimi. Wateja wakapungua. Nikaanza kutafuta gari langu mwenyewe, lisilonywa sana na lenye ubaridi ndani. Ndivyo nilivyoiangukia haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja, jipi la zamani kutoka Ujapani lenye usukani kulia. Sikuwahi hata kupanda gari la namna hiyo. Nilichokijua nilikisoma kwenye simu, na nusu yake sikukielewa.

Muuzaji alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu mnene mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akiuza magari karibu na bandari. Alinikalisha kwenye usukani, akabonyeza kitufe. Taa ndogo zikawaka mbele yangu. Basi. Kimya.

"Haijawaka," nikasema.

"Imewaka, petit," akaniita kijana kwa Kifaransa.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo uzuri yake. Haiongee bure kama weye."

Nilimwomba azime, awashe tena. Kisha tena. Nikashuka, nikaweka sikio kwenye boneti. Nikapanda, nikaomba tena.

"We unataka kununua gari," akaniuliza, "ao unataka kununua kitufe?"

Nililinunua. Niliporudi nalo nyumbani lilipita kwenye kichochoro kimya kabisa, mpaka kuku wa jirani wakashindwa kulikimbia, nikalazimika kupiga honi. Fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, rafiki wa marehemu baba, alikuja kulitazama. Alilizunguka mikono ikiwa nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Moteri, hiyo nitakutengenezea," akasema, akigonga boneti juu ya injini. "Ya umeme usiniulize. Betri iko wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma."

"Ikikufa hiyo, kijana, fugia kuku ndani."

Usiku ule sikulala vizuri. Na mtu kama mimi asipolala, anasafisha.

Lazima nieleze kuhusu nyumba yetu. Kwetu kila kitu kina nguo. Mama anafuma vitambaa tangu alipokuwa msichana, na redio ina kitambaa chake, termosi ina chake, mtungi wa gesi una sketi ya waridi yenye lesi. Kitu kisichofunikwa, kwa mama, ni kitu kisichopendwa. Kwa hiyo gari lilipofika tulilivisha. Viti vikapata vitambaa vyeupe, dashibodi ikapata zulia dogo, na mimi nilipoinama kufuta vumbi nikaliona lile tundu: wavu wa plastiki chini ya kiti cha nyuma, mmoja kila upande. Ulikuwa na vumbi. Nikawaza jinsi vumbi litakavyotoka humo na kutua kwenye sukari yangu nyeupe. Nikakata sponji, nikaushindilia kila wavu mpaka ukajaa, na mama akafuma vifuniko viwili vya buluu. Vilipendeza. Nikavipiga picha.

Baada ya majuma machache nikaanza kusikia mlio huko nyuma, kama mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya mtaa wa pili. Mama aliusikia pia.

"Huku nyuma kunalia," alisema.

"Ni barabara, Mama."

"Barabara inalia hata tukisimama?"

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ni betri inakufa, na nilifanya anachofanya mwoga: niliongeza sauti ya redio.

Ndipo yule mama wa vitenge akapiga simu. Binti yake, yule wa posa, sasa anaolewa, na karamu itakuwa Kajaga, ufukweni mwa ziwa. "Nakupa mara ya mwisho," akaniambia. "Uji sitaki." Nilikubali kabla hajamaliza, halafu nikakaa sakafuni. Kajaga ni ng'ambo ya pili ya mji, na alasiri joto la huko linatoka juu na chini. Nilijiambia waziwazi: keki hii isipofika imesimama, naacha. Mjomba alikuwa ameshaniwekea nafasi ya kuuza sabuni dukani kwake. Mama alijua. Siku ya harusi alivaa kitenge chake kizuri, akaketi nyuma pembeni ya keki, akaishika kwa ubao wake kama anayeshika mtoto wa kutahiriwa.

"Bismillahi," akasema. "Enda polepole, baba."

Tuliupita mji salama. Tuliipita bandari, malori yakitupulizia moshi. Tulipokuwa tumeshika njia ya Kajaga, mlio wa nyuma ukapanda ghafla, na mbele yangu ikawaka pembetatu nyekundu ya onyo. Nguvu zikaisha. Nilikanyaga, gari likajikokota. Nikalisogeza pembeni, magurudumu ya kulia yakashuka kwenye ukingo, na sote tukainama upande mmoja.

"Imekufa," nikasema. "Mama, betri imekufa. Fundi alisema."

"Wacha betri! Keki inakuja! Inakuja kwangu!"

Niligeuka. Ubao ulikuwa unateleza juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, polepole, na mama ameukinga kwa mkono mmoja na kidole gumba kimezama kwenye sukari. Mkono wa pili ulikuwa unapapasa chini, unatafuta chochote cha kutegesha. Ulikutana na kifuniko cha buluu. Akakivuta na sponji lake, akavisukumia chini ya ubao. Keki ikasimama.

Kisha mama akasema kwa sauti ndogo, "Tazama hii."

Serviti moja ya karatasi ilikuwa imeanguka miguuni kwake. Haikukaa sakafuni. Ilitambaa, ikapanda, ikajibandika kwenye wavu uliokuwa umefunguliwa. Mama akaibandua. Ikarudi.

"Kinavuta," akasema. "Kitu hiki kinavuta hewa."

Niliruka kiti, nikaweka kiganja pale. Kweli, hewa ya baridi ya gari ilikuwa inavutwa humo na feni kwa pupa, kwenda chini ya kiti, kwenye betri. Mlio, kumbe wa feni hiyo, ulikuwa umeanza kupungua. Nikang'oa kifuniko cha upande wa pili. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Betri haikuwa imekufa. Tuliinyima pumzi, mimi kwa usafi wangu na mama kwa mapenzi yake.

"Kumbe tulimfunga mutu mudomo," mama akasema, "halafu tunamuuliza mbona analia."

Tuliacha ubaridi ukipuliza mpaka mlio ukanyamaza. Nikazima, nikaomba Mungu, nikabonyeza kitufe. Kimya. Safari hii kimya kile kilinifurahisha. Pembetatu haikurudi, na gari likapanda kutoka ukingoni.

Tulifika ngoma zikiwa hazijaanza. Nilikuwa na maua ya akiba ya kuficha alama ya kidole, lakini mama wa vitenge alikuwa ameshafika mezani. Aliizunguka keki yote. Akainama.

"Na hii shimo?"

"Kidole gumba cha mama yangu," nikasema. "Ndicho kilichoizuia isianguke."

Alimtazama mama, aliyekuwa analamba kidole hicho. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Basi," akasema. "Leo ni keki."

Ua la akiba sikuliweka.

Nafasi ya kuuza sabuni mjomba amempa mtu mwingine. Gari bado ninalo, na fundi wa Buyenzi bado ananiuliza kuhusu kuku. Vifuniko vya buluu viko kwenye kabati la vyombo, vimefunika vikombe. Nyavu za chini ya kiti ziko wazi, nazifuta vumbi kwa brashi yangu ya zamani ya kupaka yai. Kilichobadilika ni kwamba sifuniki tena kitu nisichojua kazi yake, na keki ikiwa na alama ndogo naipeleka hivyohivyo.