Kitenge Juu ya Fidla

Binti yangu amepaka upinde wa fidla ule utomvu mkavu wa kuufanya ushike nyuzi, na harufu yake imenirudisha kwenye ukumbi wa kanisa, Bariadi, siku niliposhindania nafasi moja ya kusomea muziki mjini.

Bibi alikuja kutoka Lalago, nyuzi za pamba zingali zimemnasa kwenye nywele. Nilipoanza kupiga, ukumbi mzima ulitulia. Ghafla bibi akapiga vigelegele, akaja mbele akicheza, akanifunika kitenge chake mabegani, kama mchezaji ngoma anavyotuzwa kwetu. Kitenge kikaangukia nyuzi; sauti ikafa.

"Mama, hapa si ngomani!" mtu alisema, watu wakacheka.

Aibu ilinichoma uso. Nilishusha fidla, nikashindwa kuendelea. Nafasi akapewa mwingine.

Njiani bibi aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nimekuharibia?"

Niliongeza mwendo.

"Walinyamaza wote," alisema taratibu. "Nikadhani hawajakupenda."

Sasa binti yangu yuko jukwaani, anapiga, na ukumbi umenyamaza. Nimekishika kitenge cha bibi magotini kwa mikono miwili, na vigelegele viko kwenye ncha ya ulimi.