Mbuzi Mgonjwa wa Sikukuu ya Mavuno

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bado inanichoma nikiikumbuka. Nilikuwa mama kijana hapa Mnyambe, Ana wangu akiwa bado mgongoni. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, wanunuzi wa korosho wakawa wanatufuata na malori yao mpaka mlangoni. Tuliwapokea kama wakwe.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mbuzi wetu mmoja akaanza kuumwa. Siku ya tatu alikuwa hali majani, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Nikamwambia mume wangu, Baba Ana, "Huyu atakufa tu. Nitampeleka sadaka." Akainuka akaenda zake shambani, nami nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Mlangoni mwa kanisa alisimama katekista wetu, mzee Tomasi, akipokea mavuno ya watu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akamtazama yule mbuzi kwa muda.

"Mama Ana, mbuzi huyu ni mzima?"

"Mzima, mwalimu. Amechoka na jua tu."

Jua lenyewe, nikuambie, lilikuwa halijapita hata vilele vya mikorosho.

Nyama ya sadaka ilikuwa ya wajane na wazee wasio na mtu. Nilijua hivyo, na bado nikaingia nikakaa. Somo likawa la nabii Malaki, aliyewakemea Wayahudi waliokwisha kurudi kutoka uhamishoni. Hekalu walikuwa wamelijenga upya, lakini madhabahuni walipeleka wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Aliwauliza kama mtawala wao angepokea zawadi ya namna hiyo. Mzee Tomasi alisoma polepole. Nje, karibu na dirisha, nilisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. Kikanyamaza. Nikajua sasa wanamlaza chini.

Nilisimama.

"Mwalimu, wasimchinje. Anaumwa. Nimekudanganya."

Kanisa zima likanigeukia. Mzee Tomasi akamtuma mtu awazuie, kisha akaniuliza palepale, sauti ya chini:

"Mnunuzi wa korosho alipofika kwenu, ulimpikia nini?"

"Jogoo, mwalimu."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa mkubwa kuliko wote."

Akarudi kwenye somo lake. Afadhali angenitukana.

Nilikimbia nyumbani na mtoto mgongoni, nikamfungua beberu tuliyekuwa tunamnenepesha kwa ajili ya kumuuza. Baba Ana, ambaye hakuja kanisani siku ile, alikuwa amesimama mlangoni.

"Unampeleka wapi?"

"Kule nilikompeleka yule mgonjwa."

Nilidhani atanizuia. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati lake la Jumapili. "Huyo ana nguvu, atakuangusha na mtoto," akasema, akaichukua kamba.

Tulipofika, yule mgonjwa alikuwa ameshakufa.

Mwanangu, usimpe Mungu kitu ulichokuwa unatafuta pa kukitupa. Wala usimpe mjane chakula ambacho ungeona haya kumwekea mgeni unayemheshimu. Na ukishadanganya, sema mapema, maana kuna uongo ambao ukichelewa kidogo tu, anayeumia ni mtu asiye na kosa. Watu walinicheka msimu mmoja, wakaacha. Lakini kama mjane mmoja angekula nyama ile akaumwa, leo ningekuwa na la kukuambia?

Mungu akupe mkono usiobana kilicho kizuri, na kinywa kisichoogopa kusema nimekosa. Nyumba yako iwe na amani, wewe na watoto wako.